Nilipigwa eksirei kwa jina la ndugu yangu ili apate viza

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni mzee, kwa hiyo salamu zangu ni fupi na hasira yangu ni ndefu. Nitakayoandika ni kweli. Waliokuwa na uwezo wa kunipinga wote wamezikwa, na sina faida yoyote ya kuwasingizia wafu.

Siku Eliakim aliponiomba niingie chumba cha eksirei kwa jina lake, nilipaswa kusema hapana.

Nilisema ndiyo. Uzi huu wote ni juu ya neno hilo moja.

Juzi kijana mmoja aliuliza hapa kama kuna mtu wa kupimwa kifua kwa niaba yake, kwa sababu viza ya masomo inataka awe "clean". Nikashuka kusoma majibu. "Njoo inbox." "Kuna jamaa yuko connected." "Usiwe na wasiwasi, hao huwa hawaangalii." Na vikaragosi vya kucheka, safu kwa safu.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: kwani kifua chako kina nini?

Nusura niitupe simu ukutani. Mjukuu wangu akaniambia, "Babu, simu haina makosa. Waandikie." Basi ninawaandikia.

Ilikuwa miaka ya sitini, karibu na uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashimo ya mgodi huko Macalder, mtu wa mila, hakuwahi kuingia kanisani hata kukimbia mvua. Mdogo wake mama yangu, aliyeitwa Dorka, aliolewa Oyugis na mwenye duka, mzee wa kanisa la Sabato ambaye hata chai hakunywa. Kifungua mimba wao ndiye Eliakim. Tulizaliwa mwaka mmoja.

Nililelewa kwa mama Dorka tangu nikiwa mtoto wa kama miaka kumi, kwa sababu shule za huko zilikuwa bora. Tulilala kitanda kimoja. Mama zetu walifanana sana, na sisi tukafanana hivyo hivyo. Wateja dukani waliita jina lolote lililowajia na yeyote kati yetu aliitika.

Tofauti yetu ilikuwa kinywani.

Baba yangu alining'oa meno sita ya chini, kama desturi ya Wajaluo ilivyokuwa. Kwake mtu mwenye meno yote hakuwa mwanamume kamili. Tena, alisema, mgonjwa akikaza taya utamlisha uji wapi kama hakuna mwanya? Babake Eliakim aliuita huo upagani, na mwanawe akabaki na meno yake yote, meupe kama unga wa mtama mweupe.

"Omera, funga dirisha, mvua inaingia," Eliakim alikuwa akiniambia kila nikicheka. Omera kwetu ni ndugu yangu.

"Na wewe na meno yako ya punda, ukikaza taya tutakunywesha uji kwa pua?"

Tulicheka mpaka mama Dorka anatufukuza dukani. Wakuu, yakumbukeni meno hayo. Tutayarudia.

Tulimaliza Form Four pamoja, tukafaulu wote. Mwalimu mmoja alitupa anwani za vyuo vya ng'ambo, tukaandika barua mpaka vidole vikaota sugu. Chuo kimoja kikatukubali sote wawili. Nchi yenyewe sitaitaja, maana wajukuu wangu wawili wanaomba viza ya huko sasa hivi. Eliakim alitaka kusomea kilimo. Mimi nilitaka uhandisi wa migodi. Nilikuwa nimechoka kuona wanaume wakitolewa shimoni Macalder wamefunikwa gunia, na hakuna anayeweza kueleza ni kwa nini shimo limeanguka.

Ninyi vijana mnasema viza inawapa stress. Sisi jina la huo ugonjwa hatukuwa nalo, lakini tuliugua.

Tulianza na hati ya kuzaliwa, ofisi ya wilaya, Homa Bay. Kutoka Oyugis tulikwenda kwa baiskeli moja, mmoja akikanyaga na mwingine amekaa nyuma, tukibadilishana kwenye vilima. Karani aliyekuwapo alikuwa kijana kama sisi, lakini amevaa tai.

"Ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa nzige," nikajibu, kwa sababu ndivyo mama alivyoniambia.

"Nzige hawana tarehe. Rudi na tarehe."

Tukarudi na barua ya chifu. Muhuri haukusomeka. Tukarudi na muhuri mwingine. Afisa wa kutia sahihi yuko safari. Tukarudi. Afisa amerudi, sasa karani ndiye yuko likizo na amebeba ufunguo wa kabati. Siku moja nilimwona kwa macho yangu amekaa nyuma ya ofisi anakula samaki, na mlangoni kumebandikwa karatasi kwamba ametoka kikazi. Nikamsogelea. Akalamba vidole, akaniambia, "Kijana, ng'ambo imekuwako tangu zamani. Haitahama."

Nilimchukia mtu yule miaka mingi. Nilimpa lawama zote. Ilikuwa rahisi kumlaumu kuliko kujilaumu.

Kisha ikaja sharti la kifua.

Kila mwombaji alitakiwa kupigwa eksirei kwa daktari aliyekubaliwa na ofisi ya viza. Mwenye kifua kikuu hapati. Daktari wa karibu alikuwa Kisumu. Barua yangu ilitangulia, nikaenda, nikapigwa, nikaambiwa kifua changu ni safi. Barua ya Eliakim ilikuja baada ya wiki tatu.

Alikuwa akikohoa tangu mvua za masika. Wazazi wake walidhani ni vumbi la magunia ya dukani. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kuhusu leso. Alikuwa anaifua mwenyewe mtoni, kabla mama Dorka hajaiona ile damu.

Nilimsindikiza. Tukiwa gatini Homa Bay tukingoja meli ya Kisumu, katikati ya wanawake na vikapu vyao vya dagaa wa omena, akanivuta pembeni.

"Omera, kifua chako wameshakiona, wamekipenda. Waonyeshe tena. Mara hii sema ni changu."

"Na kikohozi?"

"Nitakitibu nikifika. Huko madaktari ni wengi kuliko wagonjwa."

"Wakijua?"

"Watajuaje? Mama mwenyewe hutuchanganya tukimpa mgongo."

Wakuu, nataka niwe wazi hapa. Kifua kikuu wakati ule tayari kilikuwa na dawa. Jirani yetu mmoja alikwenda hospitali amebebwa kwenye machela, akarudi baada ya mwaka na shingo nene, anagombania mipaka ya shamba. Nilimjua. Eliakim alimjua. Tungeweza kukiandikia chuo kituwekee nafasi mwaka mmoja. Jambo hilo lilinijia kichwani palepale gatini, na sikulisema.

Unajua kwa nini? Si huruma. Watu hupenda kusema walikosa kwa sababu ya huruma. Niliogopa kupanda ndege peke yangu. Niliogopa kufika kule sina mtu wa kuniambia nifunge dirisha.

Meli ilipopiga honi, nikasema, "Haya. Nipe barua."

Daktari alikuwa na watu wengi, na kwake yeye kijana Mjaluo alikuwa kijana Mjaluo tu. Hakunikumbuka. Msaidizi wake aliita, "Eliakim!" Nikabaki nimekaa. Akaita tena, ndipo nikaruka. Nikavua shati, nikaweka kifua kwenye lile bati la baridi. Vuta pumzi. Shikilia. Achia.

Kisha daktari akaniambia, "Fungua kinywa."

Nikafungua. Akaangalia, akamwambia karani wake maneno mawili kwa Kiingereza, karani akaandika.

Hapo ndipo sisi watu wa kwetu tulipojikaanga kwa mafuta yetu. Tulipanga kila kitu. Nilivaa koti lake. Nilikariri tarehe yake. Picha ya pasipoti ilikuwa ya mdomo uliofungwa. Lakini meno? Nyumbani kwetu mwanya wa chini haukuwa kitu cha kuzungumzwa. Nani hutangaza kwamba ana masikio? Kwa miaka kumi tulitaniana juu ya meno, na siku ambayo meno yangekumbukwa kwa faida, yakatutoka akilini.

Tukapewa bahasha mbili. Ndogo ilikuwa na ripoti, imefungwa kwa lakiri. Kubwa ilikuwa na picha yenyewe, na pembeni jina la Eliakim kwa herufi nyeupe. Siku hizo ulibeba picha ya kifua chako mkononi, kutoka ofisi ya viza mpaka mlango wa ndege.

Tukarudi Oyugis. Watu wakafanya sherehe ya kutuaga kabla hatujapata viza, kwa sababu nani angetunyima? Babake Eliakim alichinja fahali. Kwaya ikaimba. Baba yangu alikuja kutoka Macalder kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akasimama nje ya ua wa Wasabato, akakataa kuingia, lakini alicheka siku nzima.

Nairobi tukaitwa kwa interview siku moja.

Eliakim aliingia kwanza. Mlango uliachwa wazi, nami nilikuwa kwenye benchi la nje nikisikia kila kitu. Afisa alikuwa mzungu mrefu mwenye sauti ya upole. Alizungumza Kiingereza, nawatafsiria. Akamuuliza kilimo, Eliakim akajibu vizuri sana. Akamuuliza chuo, akajibu. Wakacheka pamoja.

Kisha nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Hebu cheka tena," afisa akasema.

"Sir?"

"Ripoti inasema huna meno sita ya chini. Naona unayo. Yameota upya?"

Afisa akauliza tena, polepole, ni nani aliyepigwa picha ile. Eliakim hakunitaja, wakuu. Nitalisema hilo hadi nife. Hakunitaja. Aligeuza shingo tu, akanitazama mlangoni.

Ilitosha. Afisa akasimama, akaja hadi kwenye benchi, akaniambia nifungue kinywa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele! Aliandika kwenye faili la Eliakim, akaandika kwenye langu, akaturudishia bahasha zetu kubwa, akasema hizo hazina kazi tena kwake. Viza hapana, kwangu mimi wala kwake. Tulipofika mlangoni, akasema bila kuinua macho: "Na wewe mwenye meno, kaonwe hicho kifua."

Basi. Alijua kuna mgonjwa mbele yake, akamtolea sentensi moja kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Faili lilimhusu, pafu halikumhusu. Nimemkasirikia mtu huyo pia. Lakini alisema. Ni ukweli kwamba alisema, na nilisikia kwa masikio yangu haya.

Kwenye treni ya kurudi Kisumu tulitunga uongo. Tuliambiana tutasema chuo kimejaa, tungoje mwaka ujao, halafu tutajaribu nchi nyingine. Eliakim akanishika mkono, akasema, "Apa kwamba hutasema habari ya kifua. Nikiandikwa mgonjwa, hakuna nchi itakayonichukua."

Nikaapa. Huo ulikuwa mlango wa pili baada ya ule wa gatini, na huo pia niliupita nikiwa na macho wazi.

Mama Dorka alilia kidogo juu ya chuo, kisha akaomba aone hiyo picha. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Akaibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, mwanga ukipita nyuma yake, na kila mgeni akaonyeshwa.

"Tazama mapafu ya mtoto wangu. Hakuna doa. Ng'ambo wamekosa mtu."

Washirika wa kanisa walisimama pale wakitikisa vichwa. Mimi nilisimama nao. Nilikuwa natazama mbavu zangu mwenyewe kwenye dirisha la watu, nikisikia zikisifiwa, na chumba cha pili Eliakim anakohoa ndani ya mto wa kulalia ili asisikike.

Alikonda. Nguo zikawa za mtu mwingine. Wakati wa kupanda mahindi hakuweza kushika jembe. Nilimpakia kwenye baiskeli, mama Dorka akitembea kando, tukampeleka kwa dresa, msaidizi wa tiba, wa zahanati moja. Na mama alibeba ile bahasha. Aliibeba kwa mikono miwili, kama sahani ya sadaka.

Dresa akainua picha kwenye jua. Akaitazama muda mrefu.

"Mama, kifua hiki ni safi kabisa. Huyu ana malaria tu."

Nilifungua mdomo.

Eliakim, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, akaninyooshea kidole kimoja tu. Usiseme.

Nikafunga mdomo.

Watu wa humu, mnielewe. Sikukosa nafasi. Nilipewa nafasi saa nne asubuhi, jua limewaka, mtu wa dawa yuko hatua mbili kutoka kwangu, na nilichotakiwa kusema ni maneno matatu: hiyo ni yangu. Nilifikiria viza ya mwaka ujao! Nilikuwa bado naitaka!

Tulirudi na vidonge vya malaria.

Baada ya hapo wakaanza kutafuta sababu, kwa kuwa hospitali ilishasema kifua ni safi. Bibi yake upande wa baba akasema ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa, kwa vile tuliagwa kwa fahali kisha hatukusafiri. Yule mzee wa Sabato asiyekunywa chai akaomba na kufunga, na mwisho akaruhusu manyasi, dawa za mitishamba, ziingizwe kupitia mlango wa nyuma. Alilia akizishika. Nilimwona.

Eliakim alikufa siku ya Sabato, watu wakiwa kanisani. Nilikuwa nimekaa naye. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa utani, kwani nilikuwa nimejaribu kutabasamu ili nimpe moyo. "Omera," akasema, "dirisha."

Tukamzika.

Siku ya nne baada ya maziko mama Dorka aliniita sebuleni. Picha ilikuwa bado dirishani. Alikuwa amevuta kigoda mbele yake, na nadhani alikuwa amekaa hapo tangu alfajiri. Watu wote walikuwa wameangalia mapafu. Yeye sasa alikuwa anaangalia mtoto wake, sehemu kwa sehemu, maana ndiyo picha pekee aliyobaki nayo ya mwili wake.

Akaweka kidole juu, karibu na shingo.

"Huu mfupa wa bega. Uliwahi kuvunjika, ukaunga vibaya. Unaona kifundo?"

Akanigeukia.

"Eliakim hakuwahi kuvunjika mfupa. Mimi ndiye niliyemzaa. Wewe ndiye uliyetumbukia shimoni Macalder, likizo ya shule. Ukaletwa hapa ukilia, nikakukanda bega hilo kwa maji ya moto kwa mikono hii. Owuor, hiki ni kifua cha nani?"

Nikamwambia. Yote, kutoka gatini hadi zahanati.

Hakunipiga. Alibandua picha polepole ili isichanike, akaitia ndani ya bahasha, akanipa.

"Chukua kifua chako," akasema. "Utoke."

Nimeishi na bahasha hiyo nyumba zote nilizowahi kuishi. Sikuomba viza tena. Nilifanya kazi ya ukarani Migori hadi nikastaafu, na ndiyo, wakuu, nilikuwa karani mzuri, sikumrudisha mtu hata mara moja kwa sababu ya muhuri. Haikusaidia kitu.

Funzo langu halina maneno mengi. Ofisi za viza zina mateso yake, na makarani wake wengine hawana utu, watukaneni mkitaka, nitawasaidia. Lakini wanapokupima, kipimo hicho ni chako kabla hakijawa chao. Ukiwadanganya wao, wanapoteza karatasi. Wewe kijana uliyeuliza, peleka kifua chako mwenyewe, na ukiambiwa kina ugonjwa, shukuru, kisha unywe dawa. Chuo kitangoja, na kama hakingoji, kiende.

Nanyi mliojibu "njoo inbox", nawangoja hapa hapa chini, nijibuni mbele ya watu. Mwenye kunitukana naye karibu. Mwenye kisa kama changu, asiogope kukiandika. Angalau tutakuwa wawili.

Mwisho niseme ndiyo yangu ilifanya nini, nisije nikaonekana nimelikwepa. Chuo nilikikosa, na hilo nililisahau zamani. Mama Dorka aliishi miaka mingi na hakuniita mwanangu tena, wala jina langu. Mama yangu alipokufa, mdogo wake hakuja kumlilia, na alipokufa yeye, nilisimama barabarani kama baba yangu alivyosimama nje ya ua ule, ila mimi sikuwa na ruhusa ya kuingia. Na Eliakim, ndugu yangu, alikufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa, kwa sababu nilimwazima kifua changu.